Majina Yetu Yamo Kwenye Mawe Yale

(Hotuba niliyoitoa Jumamosi jioni mbele ya Waafrika Mashariki wanaoishi Glasgow. Nimeiandika kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika.)

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu Waislamu, asalamu alaikum. Wakristo, Bwana asifiwe. Vijana mliojazana pale mlangoni, karibuni mbele, viti vipo.

Nianze kwa kuomba msaada wenu. Yeyote humu anayeitwa Margaret, tafadhali asimame. Asanteni, naona wanne. Akina Duncan je? Wawili. Douglas? Kenneth? Andrew, au Andrea kwa wenzetu wa Tanzania? Malcolm yupo mmoja, ninamfahamu, asijifiche. Na akina James wote wasimame pia.

Sasa tazamaneni. Karibu theluthi ya ukumbi imesimama. Tumezaliwa Kiambu, Nyeri, Moshi, Jinja na Bukavu, tukaja kuishi katika nchi ambayo majina yetu ya ubatizo yamo kwenye makaburi ya wafalme, kwenye madirisha ya makanisa na kwenye kuta za ngome, na wengi wetu hatujawahi kwenda kuyaangalia. Ketini, asanteni sana. Nimekuja kuwaomba mwende.

Mimi mwenyewe nilichelewa. Nilipofika Uskoti nilifanya kazi Edinburgh, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kila nilipokwenda zamu ya usiku basi lilipita chini ya ule mwamba. Ngome iko juu, imemulikwa taa, nami najisemea moyoni: ile ni ya watalii. Miaka kumi na mmoja nikaipita hivyo hivyo. Sikujua hata kwamba Mwalimu Nyerere alisoma katika mji ule, kuanzia 1949 hadi 1952, akiitazama ngome hiyo hiyo. Aliyenipandisha juu hatimaye ni mama yangu, alipokuja kunitembelea.

Mama jina lake la nyumbani alipewa kwa desturi yetu, jina la nyanya yake. Margaret alilipata akiwa msichana wa miaka kumi na minne, siku alipobatizwa. Mwalimu wa katekisimu alikuwa na karatasi yenye majina, akamwambia achague moja. Akachagua Margaret kwa sababu lilimkaa vizuri mdomoni. Tangu siku hiyo, zaidi ya miaka sitini, hakuna aliyewahi kumwambia Margaret alikuwa nani.

Tulipanda polepole kwa ajili ya magoti yake. Njia ya mawe ndani ya Ngome ya Edinburgh inazunguka ikipanda, inapita chini ya lango, inapita safu ya mizinga, mpaka kileleni. Wageni wengi wakifika pale hukimbilia taji la wafalme, au mzinga mkubwa uitwao Mons Meg, ambao Mfalme James wa Pili alipewa mwaka 1457. Sisi tulielekea kwenye kijumba cha mawe ambacho kwa nje ungedhani ni stoo. Na kweli kwa muda mrefu kilikuwa stoo: walihifadhi baruti humo, mpaka watu wakasahau kwamba lilikuwa kanisa. Liligunduliwa tena mwaka 1845. Ndilo jengo kongwe kuliko yote katika mji wa Edinburgh, lilijengwa yapata mwaka 1130.

Ndani ni chembamba na cheupe. Watu ishirini wakiingia, wamebanana. Mbele kuna tao la mawe lililochongwa nakshi kama meno ya msumeno, na nyuma ya tao hilo ndipo pa kusalia. Madirisha ni madogo mno, yana vioo vya rangi, na katika kimojawapo yumo Margaret mwenyewe. Kingine yumo Andrea mtume. Juu palikuwa na maua mabichi.

Mama mmoja wa makamo, mfanyakazi wa pale, alimwona mama yangu anayatazama maua. Akatueleza kwamba kipo chama cha wanawake wanaoishi Uskoti, wote wakiitwa Margaret, ambao hupeana zamu ya kuweka maua mabichi katika kanisa lile kila wiki. Nikamtafsiria mama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwambie hata mimi ni Margaret." Nikamwambia. Yule mfanyakazi akaupokea mkono wa mama kwa mikono yake miwili, wakasimama hivyo, hakuna anayejua lugha ya mwenzake.

Tulipotoka tukaketi kwenye benchi, upepo unatupiga, nikamsimulia yale niliyokuwa nimesoma usiku uliotangulia.

Margaret alizaliwa Hungaria, kwa sababu jamaa yake ya kifalme ya Uingereza ilikuwa uhamishoni. Alirudishwa Uingereza akiwa mtoto. Mwaka 1066 Wanormani wakaiteka nchi, naye pamoja na mama na ndugu zake wakakimbilia Uskoti. Ndugu zangu wa Kongo, mmesikia: malkia mtakatifu wa nchi hii aliingia akiwa mkimbizi. Mfalme Malcolm wa Tatu akamwoa. Walizaa watoto wanane, na watatu kati yao wakawa wafalme. Novemba 1093 Malcolm na mtoto wao mkubwa waliuawa vitani kule Alnwick. Margaret alikuwa mgonjwa ndani ya ngome ile. Akafa siku chache tu baadaye. Mwanawe David, alipokuwa mfalme, ndiye aliyejenga kanisa lile dogo kwa kumkumbuka mama yake. Machi 1314 watu wapatao thelathini wa Mfalme Robert Bruce walipanda mwamba usiku, wakaitwaa ngome kutoka kwa Waingereza. Bruce akaamuru majengo yabomolewe, adui asije akayatumia tena. Kanisa la Margaret akaliacha.

Kwa hiyo mkiingia kwenye ngome yoyote ya nchi hii, tafuteni kanisa lake. Watu wa Mombasa hawatashangaa, maana hata ndani ya Ngome ya Yesu Wareno walijenga kanisa. Askari, mfalme na padri waliishi ndani ya ukuta mmoja. Ukitazama mizinga peke yake umeona nusu ya nyumba.

Njia ya Margaret haiishii Edinburgh. Mnaopita daraja kwenda Fife mnalijua jina Queensferry, maana yake kivuko cha malkia. Malkia ni yeye. Aliweka vyombo vya kuwavusha bure mahujaji waliokuwa wakienda St Andrews, na kivuko mahali pale kiliendelea kwa karne nyingi, mpaka daraja la barabara lilipofunguliwa mwaka 1964. Ng'ambo yake ni Dunfermline, alikofungia ndoa na alikozikwa. Ingieni katika lile kanisa la kale, msimame katikati ya nguzo zake. Ni nene kama mibuyu, na baadhi zimechongwa mistari ya kupindapinda kuanzia chini hadi juu. Mama alizunguka nguzo moja akiipapasa kwa kiganja. Mwili wa Robert Bruce umo humo humo. Kaburi lake lilipatikana mwaka 1818.

Sasa nije kwa akina Andrew. Hapa naomba mnivumilie nikae zaidi, kwa sababu St Andrews ndipo nilipolielewa kanisa nililokulia.

Waskoti waliamini kwamba masalia ya Andrea mtume yako katika mji ule ulio ukingoni mwa bahari, na mahujaji wakamiminika. Wakaanza kujenga kanisa kuu yapata mwaka 1160. Waliolianza walikufa, na watoto wao wakafa, na wajukuu. Lilipowekwa wakfu ilikuwa 1318, Robert Bruce akiwa amesimama ndani. Uskoti yote haikuwa na kanisa kubwa kuliko hilo. Leo ukifika unakuta ukuta wa mashariki umesimama peke yake, una minara miwili na matundu ya madirisha, na kupitia matundu hayo unaona bahari. Katikati ni majani yaliyofyekwa vizuri, na vishina vya nguzo vinakuonyesha mahali watu walipopita.

Ili kujua lilivunjikaje, tembea dakika chache kufuata ukingo wa bahari mpaka kwenye ngome. Ilikuwa makao ya askofu, na ilikuwa na gereza. Mnara mmoja una shimo lililochimbwa ndani ya mwamba kwa umbo la chupa, shingo nyembamba juu, tumbo pana chini. Aliyeshushwa humo hakuwa na pa kupandia.

Mwaka 1528 kijana mmoja, Patrick Hamilton, alichomwa moto mjini humo kwa kufundisha mafundisho ya Luther. Alikuwa na miaka ishirini na minne hivi, na moto ulichukua muda wa saa sita kumuua. Herufi za jina lake zimepangwa kwa mawe barabarani mbele ya kanisa la chuo, na hadi leo wanafunzi huzikwepa. Husemwa kwamba anayezikanyaga atafeli mtihani. Machi 1546 akachomwa George Wishart mbele ya ngome, kwa amri ya Kardinali David Beaton. Mei hiyo hiyo watu wenye hasira wakaingia ngomeni alfajiri, wakamuua kardinali, wakauning'iniza mwili wake nje ili mji wote uone. Kisha wakafunga malango, jeshi likawazingira.

Wazingiraji wakaanza kuchimba handaki ndani ya mwamba, wapite chini ya ukuta. Waliokuwa ndani wakasikia. Nao wakachimba la kwao, kwenda kukutana na adui gizani. Mahandaki yote mawili yapo. Niliingia na mwanangu, yeye mbele. Lile la waliozingirwa ni jembamba, unakwenda umeinama, kiganja ukutani, mwamba unatoa jasho la baridi. Halinyooki hata kidogo. Linakata kulia, linashuka, linapinda tena, kwa sababu watu wale walichimba kwa masikio. Walitega masikio kwenye mwamba, wakafuata sauti ya sururu, wakakosea, wakaacha shimo, wakaanza lingine. Alama za vyuma vyao bado zimo ukutani. Halafu ghafla sakafu inafunguka, unashuka ngazi, na umesimama wima ndani ya handaki la adui, pana, refu, la watu waliokuwa na muda na nafasi. Mwanangu aliuliza, "Mama, walipokutana hapa walifanya nini?" Nikamwambia walipigana. Akatazama juu kwenye lile tundu, hakuuliza tena.

Miongoni mwa waliokuja kujiunga na waliozingirwa alikuwa mwalimu aitwaye John Knox, ambaye baadaye aliongoza mageuzi ya Kiprotestanti Uskoti. Ngome ilipoanguka mwaka 1547 mbele ya merikebu za Wafaransa, Knox alichukuliwa akafungwa kwenye makasia, akavuta kasia kama mtumwa kwa miezi kumi na tisa. Juni 1559 akarudi St Andrews, akahubiri jinsi Yesu alivyowafukuza wafanyabiashara hekaluni. Watu wakatoka kwenye mahubiri wakaenda kwenye kanisa kuu, wakavunja altare na sanamu. Lililochukua zaidi ya miaka mia na hamsini kujengwa likavuliwa kila kitu. Baada ya hapo likaachwa. Mvua ikaingia, paa likaanguka, watu wakachukua mawe kujengea nyumba zao.

Ndugu zangu, kanisa nililokulia mimi lilikuwa na kuta tupu. La Presbiteri, kule Kiambu. Hakukuwa na sanamu wala picha ya Bikira Maria wala mishumaa. Mimbari, Biblia, viti. Rafiki yangu wa shule alikuwa Mkatoliki, na siku moja niliingia kanisani kwao nikaona rangi, nikaona dhahabu, nikaona watakatifu wamepangwa ukutani, nikarudi nyumbani nikamuuliza baba kwa nini sisi hatuna. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Akanijibu, "Sisi ndivyo tulivyo." Sikupata jibu jingine mpaka siku niliposimama kwenye majani yale ya St Andrews.

Misheni ya Waskoti ilianzia Kibwezi mwaka 1891, ikahamia Kikuyu mwaka 1898, na watu wakapaita pale Thogoto, maana ndivyo Wakikuyu walivyolitamka neno Scot. Waliokuja walikuwa wana wa Knox. Walileta shule na hospitali. Walileta utaratibu wa kanisa kuongozwa na wazee, bila askofu, na chama cha akina mama, Woman's Guild, ambacho mama yangu amevaa sare yake maisha yake yote. Walileta pia kuta tupu. Ukuta ule wa Kiambu, uliopakwa chokaa, bila hata picha moja, ulianza kupakwa Juni 1559 ukingoni mwa bahari hii ya baridi.

Mtaniuliza nilisimama upande wa nani siku ile. Niliwalilia waliochonga mawe yale, ambao kazi yao ya vizazi vitano ilimalizwa na watu wenye nyundo. Na nilimkumbuka yule kijana na muda wa saa sita wa moto. Nilikuwa na yote mawili kifuani, na bado ninayo.

Akina Douglas nisiwasahau. Robert Bruce alipofariki mwaka 1329 aliacha wosia moyo wake upelekwe vitani dhidi ya maadui wa imani. Aliyeubeba ni Sir James Douglas, shingoni, ndani ya kichombo cha fedha, na akauawa nao huko Teba, Uhispania, mwaka 1330. Moyo ukarudishwa, ukazikwa katika Abasia ya Melrose, yaani makao ya kale ya watawa. Kisanduku cha madini ya risasi kinachoaminika kuwa ndicho kilifukuliwa mwaka 1996, kikazikwa tena 1998, na jiwe lake mtalikuta kwenye majani. Mkiwa Melrose inueni macho mtafute kwenye paa nguruwe wa jiwe anayepuliza zumari ya Kiskoti, watoto wanampenda. Lakini Douglas na James hawakupatana daima. Mwaka 1452, ndani ya Ngome ya Stirling, Mfalme James wa Pili alimwalika Earl wa Douglas, akampa hakikisho la usalama, kisha akamchoma kisu kwa mkono wake. Stirling ina ukumbi mkubwa uliopakwa rangi ya dhahabu, unaonekana kutoka mbali, na kanisa la kifalme la mwaka 1594, lililojengwa kwa ajili ya ubatizo wa mtoto mmoja tu.

Na Kenneth na Duncan? Kwenu ni mbali kidogo. Ni Iona. Unakwenda mpaka Oban, unapanda feri kwenda kisiwa cha Mull, unakivuka chote kwa basi kwenye njia nyembamba, kisha kivuko kidogo cha dakika kumi. Mtawa Columba alifika huko kutoka Ayalandi mwaka 563, na kutoka kisiwa kile Ukristo ukaenea kaskazini. Waviking waliwavamia watawa mara kwa mara. Mwaka 806 waliua sitini na wanane. Baadaye, yapata mwaka 1200, wakaja Wabenediktini, wa shirika lile lile mnalolijua kwa Peramiho na Ndanda, wakajenga abasia. Simulizi za kale zinasema Mfalme Kenneth na Mfalme Duncan wamezikwa katika makaburi yaliyo kando yake. Mbele ya abasia umesimama msalaba wa jiwe wa Mtakatifu Martin, tangu karne ya 8, mahali pale pale uliposimikwa. Nilipofika ulikuwa na matone ya mvua kwenye kila nakshi. Sikupiga picha. Nilisimama tu.

Machache ya safari. Anzeni hapa hapa Glasgow, kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Mungo, halina kiingilio. Hilo lilinusurika mageuzi yale na paa lake, na sifa wanapewa mafundi wa mji waliolikinga lisibomolewe. Shukeni chini, kaburi la Mungo liko huko. Maeneo mengine mengi hufungwa majira ya baridi: mwaka mmoja niliwapeleka watoto Januari kwenye abasia moja, saa mbili za basi, tukaikuta imefungwa, wakala chapati zao kwenye kituo cha basi wanatetemeka. Na siku hizi kuta nyingi zimewekewa uzio, kwa sababu mvua zimezidi na mawe ya juu yanalegea, mafundi wanayakagua moja moja. Basi tazameni kwenye tovuti kabla ya kuondoka nyumbani. Visiwani wakati wa kiangazi kuna usubi, jifunikeni. Na muwaulize wafanyakazi wa pale maswali. Wanajua mengi, na wanafurahi kuulizwa.

Mama alirudi Kiambu. Kila Jumapili jioni ninampigia simu, ananipa habari za mvua, za ng'ombe, za nani ameolewa. Na kabla hajakata huniuliza, "Wiki hii ni Margaret yupi aliyepeleka maua?"

Asanteni kwa kunisikiliza.